Wimbo Niliokunyima

Mlandizi, Alhamisi alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Watu wakiandika barua huuliza hali kwanza, lakini yako naijua. Asubuhi umekunywa chai nusu kikombe, umeuliza mara mbili gari la Maneromango linapita saa ngapi, na sasa umekwenda Kwala kuwaaga wazazi wa kikundi chako. Nimefunika cherehani mapema. Nimekaa barazani na daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, maana ndiyo karatasi iliyokuwepo, na nataka barua hii iwe imeshaingia kwenye begi lako kabla hujarudi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kufunga mlango. Hayo shangazi yako Mwajuma ameshayasema, na kesho mpaka gari liondoke atakuwa bado anayasema. Mimi nina jambo ambalo nimekaa nalo tangu una miaka miwili na kitu. Kipande unakijua, shangazi yako alikusimulia kwa namna ya kunistahi. Leo nakupa lote. Unakwenda Maneromango kufundisha darasa la awali na kuwakusanya wazazi waimbe na watoto wao, na ni haki yako kujua kwamba mtu wa kwanza kukunyima nyimbo nilikuwa mimi.

Mama yako Salma, Mungu amrehemu, hakuwa mwimbaji wa kusifiwa. Hakuimba harusini. Aliimba mahali pamoja tu, uani, wewe ukiwa ndani ya beseni. Wimbo ule sijui aliutunga mwenyewe au alitoka nao kwao Kisarawe. Sikuwahi kumuuliza.

Mkono huu wa nani?
Wa mtoto wa mama.
Mguu huu wa nani?
Wa mtoto wa mama.

Alianza mkono wa kulia, akaja wa kushoto, akashuka miguuni, akamalizia tumbo, na hapo kwenye tumbo ulikuwa unacheka mpaka maji yanamwagika. Mimi nilikuwa ndani nashona. Nilikuwa nasikia kila siku, wala sikujua kama nasikiliza.

Alipofariki ulikuwa bado hujaweza kusema sentensi nzima. Shangazi yako akahamia hapa kunisaidia. Wajomba zako wakaja kutoka Kisarawe, wakaomba wakuchukue wakakulee huko. Nilikataa, na kukataa sijutii. Najutia maneno niliyotumia. Niliwajibu kama watu waliokuja kuniibia, wakati na wao walikuwa wamefiwa na dada yao. Baada ya hapo utoto wako wote nimekupeleka kwao mara mbili au tatu tu, tena kwa haraka, tunafika asubuhi alasiri tunaondoka.

Wakati ule Mwalimu Agripina alikuwa ndiyo kwanza amehamia Mlandizi kutoka Bukoba. Akaanzisha kikundi katika chumba kilichokuwa kitupu karibu na zahanati. Kila Jumamosi asubuhi akina mama walikaa kwenye mikeka na watoto wasiofikia umri wa shule, wakaimba, wakapiga makofi, wakawarusha watoto magotini. Watu walisema mengi. Wengine walidai anatafuta waumini wa kanisa lake. Shangazi yako hakujali. Aliniambia, "Kaka, huyu mtoto anashinda chini ya meza ya cherehani. Anahitaji wenzake." Akakubeba, akaenda. Na ulipenda. Ulikuwa unarudi huku bado unapiga makofi mgongoni kwake.

Utaratibu wa Mwalimu unaujua, maana na wewe unaufuata: kila nyumba ilete wimbo wake. Ilipofika zamu yetu, shangazi yako hakuwa na mwingine. Akaimba wa mama yako.

Alinisimulia siku ile ile huku analia. Alisema kwanza ulinyamaza. Kisha ulishuka mapajani mwake, ukatembea mpaka mlangoni, ukachungulia nje. Uliangalia njia upande wa zahanati, ukaangalia upande wa sokoni. Ulidhani amekuja. Ulipoona hayupo ulilia kilio ambacho akina mama waliolea watoto watano, sita, walisema hawajawahi kukisikia kwa mtoto. Mwalimu akashtuka. Akaanzisha upesi wimbo mwingine wa makofi, wote wakapiga kwa nguvu, na wewe umesimama pale unalia katikati ya makofi.

Nilikasirika kuliko siku ya msiba wenyewe. Nilimwambia shangazi yako, "Usimpeleke tena. Na wimbo huo nisiusikie ndani ya nyumba hii. Wala mwingine wowote."

"Kaka, mtoto huyu..."

"Mwajuma, nimemaliza."

Nikaenda nikazima na redio.

Nilifanya vile kwa mapenzi, na naomba uamini. Fundi akiangusha sindano sakafuni huinama akaitafuta kabla mtoto hajapita. Niliona wimbo umekuchoma, nikauondoa. Na kwa macho yangu ilionekana nimepatia. Hukulia tena. Ulikula, ulilala, ulikaa chini ya meza ukipanga vipande vya vitambaa kwa rangi. Wateja walikuwa wakisema, "Fundi, mtoto wako katulia sana," na mimi nikijisifu moyoni kwamba nalea vizuri. Masika yakapita, kipupwe kikapita. Haikunijia hata siku moja kujiuliza mtoto wa umri ule ametuliaje.

Siku moja Mwalimu Agripina akaja na gauni la kupunguza. Nilipolipima niliona lilikuwa linamkaa sawa kabisa.

"Baba Mwanaidi," akasema, "sikuja kukufundisha kulea."

"Vizuri," nikamjibu bila kuinua macho.

"Nimekuja kuomba radhi. Siku ile mtoto alipolia, nilikimbilia kumfunika na makofi. Niliogopa. Ilitakiwa tukae naye alie mpaka amalize."

"Yameshapita, Mwalimu. Siku hizi halii."

Kisha akauliza, "Na anacheka?"

Nikamwambia gauni litakuwa tayari Jumatano.

Mwanangu, sikulala vizuri wiki ile, lakini bado sikubadilika. Mimi ni mgumu, unanijua. Kilichonibadilisha hakikutoka kwa Mwalimu wala kwa shangazi yako. Ulinibadilisha wewe.

Shangazi yako alipata homa, akalala siku tatu. Ikabidi nikuogeshe mimi. Nasema ikabidi, maana tangu mama yako aondoke nilikuwa sijakuogesha hata mara moja. Nilikuwa nawaachia wengine beseni lile. Alasiri nikachota maji, nikakuingiza, nikaanza kusugua haraka haraka kama mtu anayeosha sufuria. Ukautoa mkono wako wa kulia, ukauinua juu, ukaniangalia mdomoni.

Nilidhani unataka kitu. Nikakuuliza, "Unataka sabuni?" Uliuweka chini mkono ule, ukainua wa kushoto. Ukaniangalia tena mdomoni, ukangoja. Kisha mguu wa kulia. Kisha wa kushoto. Kisha ukajishika tumbo kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye mchanga, sabuni mkononi. Ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile wimbo haukuwa umekutoka. Ulikuwa unaoga nao kimya kila siku, kiungo kwa kiungo, kwa mpangilio ule ule wa mama yako, unangoja mtu mzima aseme sehemu yake. Sikuwa nimekuondolea huzuni. Nilikuwa nimekuacha nayo peke yako.

Nikaimba. Sauti yangu unaijua, ni ya mtu anayekoroma akiwa macho. Nilianza tena mkono wa kulia. Nilipofika kwenye "wa mtoto wa mama" sauti ilikatika, na wewe ukaanza kulia, na safari hii sikukunyamazisha. Nilikutoa kwenye maji, nikakukumbatia na povu lako lote, tukalia wote wawili hapo uani mchana kweupe. Shangazi yako alitoka na shuka la homa mabegani kuangalia kuna nini, akasimama, akarudi ndani. Baadaye ulitulia. Ukajitoa kifuani kwangu, ukarudi mwenyewe kwenye beseni, ukaniinulia mkono wa kulia, ukasema, "Tena."

Ndilo neno la kwanza uliloniambia lenye amri ndani yake. Nimelitii tangu siku ile.

Jumamosi iliyofuata nilikupeleka mwenyewe. Nilikuwa mwanamume peke yangu. Niliingia na futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, nilisahau kuivua kwa wasiwasi, na akina mama wote wakanigeukia. Mwalimu Agripina hakunishangilia wala kunipa nafasi ya heshima. Alisema tu, "Karibu, Baba Mwanaidi. Sogea mkekani, mtoto hawezi kukuona ukiwa ukutani." Nikasogea. Waliponipa zamu nikaimba wimbo wa mama yako, na nilipouliza mkono huu wa nani, akina mama wakajibu kwa pamoja, polepole, bila makofi. Uliinuka ukaenda mlangoni. Nikataka kukufuata. Mwalimu akanizuia kwa macho, nikaendelea kuimba. Ukachungulia nje, upande wa zahanati, upande wa sokoni. Halafu uligeuka, ukarudi ukitembea taratibu, ukakaa mapajani kwangu mpaka wimbo ukaisha.

Sijui mtoto wa umri ule anaelewa nini kuhusu kifo. Ninachojua ni kwamba hukwenda tena mlangoni.

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo hawezi kukosea tena jambo lile lile. Nimekosea. Ulipomaliza kidato cha nne ukasema unataka kusomea malezi ya watoto wadogo, nilikwambia kuimba na watoto si kazi, mwenye akili zako akasomee uuguzi. Uliniangalia bila hasira. Ukaniuliza, "Baba, wewe ulikuwa unakwenda kule kila Jumamosi kufanya nini?" Nilijifanya nimeitwa na mteja. Nilikaa na swali lako siku nne ndipo nikatamka kwamba uende chuo. Hukunisuta. Mama yako naye alikuwa hivyo, anakupa nafasi ya kurudi bila kukuaibisha.

Sasa nikwambie nilichokiona Kwala, maana nadhani hujui kama nilikiona.

Ni Jumapili ile uliyoniomba nikusaidie kubeba mikeka. Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Wazazi wale wametoka kila pembe ya nchi kufuata kazi, Wagogo, Wamakonde, Waha, Wasukuma, wengine mwezi mmoja tu tangu wafike, hata jirani hawamjui. Nilitegemea utaanza kuwafundisha. Ulikaa chini, ukawauliza, "Kwenu mtoto akigoma kulala, mnamwimbia nini?" Wakaoneana haya. Bibi mmoja akatoa wimbo wa kwao, kwa lugha ambayo hapo hakuna aliyeielewa, na wewe ukaufuata nyuma yake, ukakosea maneno, akakusahihisha, ukakosea tena, akacheka. Baada ya hapo kila mtu akataka kutoa wake.

Halafu mtoto wa Maduhu akaanza. Maduhu ni yule kijana anayefanya kazi kiwandani, aliyekuja na buti zake za kazi na mwanawe Shija, miaka mitatu. Makofi yalipokolea Shija akaziba masikio, akapiga kelele, akajirusha chini. Akina mama wakaangaliana. Mmoja akanong'ona kwamba mtoto hajafunzwa adabu, na Maduhu alisikia. Akamnyanyua mwanawe, jasho linamtoka. Akasema, "Samahanini. Sisi tunaondoka, anawasumbua."

Mimi nilikuwa nimekaa pale nikikumbuka yale makofi yaliyofunika kilio chako. Nilishika ukingo wa mkeka, nasubiri kuona utafanya nini.

Ulinyoosha mkono, wote wakanyamaza. Ukasema kwa sauti ndogo, "Hajatusumbua, Baba Shija. Anatuambia sauti yetu ni kubwa. Tumsikilize." Ukawaambia watu waache makofi, wasugue mkeka kwa viganja. Wote wakasugua. Ikawa sauti kama ya mvua ndogo inayotembea majanini. Ukaimba juu ya sauti ile, chini chini, bila kumtazama Shija hata kidogo, ili asione kwamba watu wanamtazama. Hakuja mkekani siku ile. Alikaa mlangoni katikati ya miguu ya baba yake. Lakini mikono aliitoa masikioni. Jumapili ya tatu, shangazi yako aliniambia, alikuja akasugua mkeka.

Mwanangu, nimeshona suti za mabwana harusi, nimeshona majoho ya watu waliohitimu vyuo vikuu. Sijawahi kuinua kichwa barabarani kama nilivyokiinua siku ile tukirudi na mikeka kwenye bodaboda. Dereva aliniuliza, "Mzee, yule mwalimu ni nani wako?" Nikamwambia, "Wangu." Akacheka, akasema nimemjibu vibaya. Nilimjibu sawasawa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo, maana mengi unayajua kunizidi. Huko Maneromango utakuta wazazi wagumu. Atakuwepo baba atakayesimama nje na pikipiki yake, haiingizi wala haiondoi, anajifanya anapiga simu. Usimcheke na usimvute kwa mkono. Yule anasikiliza. Na ukikutana na aliyemtoa mtoto wake kikundini kwa hasira, usimhesabu kwamba hampendi mtoto. Mpelekee gauni la kupunguza.

Na uende kwa wajomba zako, maana Maneromango ni Kisarawe hiyo hiyo. Jumatatu nilimpigia simu mjomba wako Shomari, mkubwa wao. Miaka yote hii nilikuwa na namba yake. Nilimwamkia, nikamwambia nilikosea siku ile, nimechelewa kusema lakini nasema. Kisha akasema, "Shemeji, mtoto anafika siku gani?" Nikamwambia Ijumaa. Akasema atakuwa stendi kabla ya gari. Kwa hiyo kesho ukishuka utamwona mzee mrefu mwenye paji la uso la mama yako. Mwamkie, umkalie karibu, umuulize wimbo ule ulitoka wapi. Mimi sikuuliza. Wewe uliza, kisha unipigie.

Jambo la mwisho. Nilikuwa nimepanga nisikwambie, lakini siwezi.

Juzi Maduhu alikuja dukani na buti zake. Nikadhani ana suruali ya kushona. Akasimama, akazungukazunguka, akasema, "Fundi, Mwalimu Mwanaidi akiondoka kikundi cha Kwala kitakufa. Mwalimu Agripina magoti hayamruhusu kufika kule. Akina mama wanasema nishike mimi. Mimi najua nyimbo tatu."

Nikamuuliza, "Na Shija anasemaje?"

"Shija ameshaanza kutoa mikeka nje, anatandika."

Nikamwambia, mimi najua tano, zote kwa sauti mbaya. Akakokotoa, akasema nane zinatosha kuanzia, nyingine wazazi wataleta. Tukapeana mikono.

Leo unapowaaga wanajua wote, ila nimewaomba wasikwambie. Usishangae wakikuaga bila kulia. Jumapili hii saa nne, wewe ukiwa huko kwa watu wa mama yako, mimi na Maduhu tutakuwa tumekaa chini Kwala, wanaume wawili mbele ya watoto wa watu, tunaimba.

Nenda salama, mama.

Ni mimi baba yako,
Fundi Hamisi